Uzio, mpaka na njia ya kupita: mwongozo kamili wa kutatua mgogoro na jirani

Uzio na mpaka ni vitu viwili. Mpaka ni mstari uliowekwa na upimaji, au na mapatano ya wamiliki wa awali, kisha ukaandikwa katika kumbukumbu za ardhi. Uzio ni kitu ambacho mtu alikijenga siku fulani kwa sababu zake, pengine juu ya mstari wenyewe, pengine nusu mita ndani ya kiwanja chake ili fundi apate pa kusimama, pengine pale tu ambapo nguzo ziliingia ardhini bila kugonga jiwe. Majirani wengi hugombana miaka na miaka kwa sababu mmoja anazungumzia mstari na mwenzake anazungumzia ukuta, na hakuna aliyekwenda kuangalia kama viwili hivyo vinakutana.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao watu wengi huupindua: nyaraka na vipimo hutangulia, mazungumzo hufuata, maandishi hufunga makubaliano, na mahakama hubaki kwa yale yaliyoshindikana. Sheria zinazotajwa zinatoka nchi mbalimbali, ili kuonyesha jinsi suala lilelile linavyotatuliwa kwa njia tofauti. Inayokuhusu wewe ni ile ya mahali kiwanja kilipo.

Jua kwanza mnagombania nini

Chini ya malalamiko ya uzio huwa kuna mojawapo ya maswali manne: mstari wa mpaka unapita wapi, uzio ni wa nani na nani anapaswa kuutengeneza, nani ana haki ya kupita au kuingia upande wa pili, na kero gani inatokana na kilicho mpakani, kama vile matawi, mizizi, maji ya mvua au ukuta mrefu unaozuia mwanga. Kila swali lina ushahidi wake na mara nyingi lina ofisi yake. Ukiyachanganya, utashinda moja na kubaki na mgogoro uleule.

Chukua mfano wa mtu anayelalamika kwamba ukuta mpya wa jirani umemzuia kufikia ubavu wa nyumba yake ili apige plasta. Anaweza kuajiri mpima, akathibitishiwa kwamba ukuta umejengwa kihalali ndani ya kiwanja cha jirani, na bado asiweze kupiga plasta, kwa kuwa tatizo lake halikuwa la mpaka hata kidogo. Alichohitaji ni ruhusa ya kuingia kwa siku chache, jambo ambalo lingeweza kuombwa bila kutaja neno mpaka. Kwa hiyo, kabla ya kumwendea mtu yeyote, andika malalamiko yako kwa sentensi moja, kisha uone yanajibu swali lipi kati ya hayo manne.

Kusanya nyaraka na uzisome kwa uangalifu

Tafuta hati miliki, ramani ya upimaji iliyoambatana nayo, mkataba wa mauziano, kibali cha ujenzi cha uzio kama kilihitajika, na masharti yoyote yaliyowekwa wakati kiwanja kilipogawanywa. Hati ya jirani pia ni muhimu, na katika nchi nyingi unaweza kuomba kuona taarifa zake kwenye masjala ya ardhi kwa kulipa ada. Picha za zamani zinazoonyesha uzio uliotangulia zina thamani kubwa, hasa zile zenye kitu kisichohama, kama kona ya nyumba au mti mkubwa. Pale ambapo ardhi haijapimwa, ushahidi hutegemea maneno ya mkataba wa mauziano, alama za asili zilizotajwa humo na mashahidi waliokuwepo wakati wa kukabidhiana. Watu hao waulizwe mapema na maelezo yao yaandikwe.

Ramani ndiyo inayopotosha watu wengi, kwa sababu ramani hazilingani kwa usahihi. Zipo zinazotaja urefu wa kila upande, pembe zake na namba za bikoni, yaani alama zinazowekwa ardhini kwenye kona za kiwanja. Hizo zinaweza kurudishwa ardhini kwa usahihi wa sentimita. Nyingine zinaonyesha tu mpangilio wa viwanja kwa ujumla. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:2,500, mstari uliochorwa kwa kalamu yenye unene wa nusu milimita unafunika mita 1.25 za ardhi. Anayechukua rula na ramani ya namna hiyo kuthibitisha kwamba jirani amemega sentimita 40 anatafuta kitu kilicho chembamba kuliko mstari wenyewe. Kenya na Uingereza, kwa mfano, sheria za usajili wa ardhi zinatambua wazi kwamba ramani ya usajili kwa kawaida huonyesha mpaka wa jumla tu, na kwamba mstari kamili unahitaji utaratibu wake wa kuubainisha.

Tafuta mpaka ardhini

Anza na bikoni. Mara nyingi ni nondo au bomba lililozungushiwa zege, lenye namba, na huwa limefukiwa na udongo au kufunikwa na majani. Unaweza kufagia juu yake na kulipiga picha. Usilichimbue, usilisogeze, na usikubali fundi alitumie kufungia kamba ya ujenzi, kwa sababu kung'oa au kuhamisha alama ya mpaka ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na likishaguswa, ushahidi wako bora unakuwa umeharibika hata kama ulikuwa na haki.

Simu haitakusaidia hapa. GPS ya simu ya kawaida, hata mahali peupe pasipo na majengo wala miti, hukosea kwa takriban mita 5, wakati migogoro mingi ya uzio ni ya chini ya mita moja. Futikamba nayo ina mtego wake. Umbali ulioandikwa kwenye ramani ni wa mlalo, si wa kufuata mteremko. Ardhi inayopanda mita 1 kwa kila mita 10, ukilaza futikamba juu yake kupima kiwanja cha jirani chenye urefu wa mita 40 kwenye ramani, utasoma mita 40.2, na utaondoka hapo ukiamini kwamba ameongeza sentimita 20 ambazo hakuwahi kuziongeza. Kama ni lazima upime mwenyewe ili kupata picha ya awali, pima kwa vipande vifupi, ukiishika futikamba sawasawa kwa pima maji na kudondosha timazi kila mwisho wa kipande, kisha uchukulie jibu kuwa ni dokezo tu.

Kazi ya kuamua ni ya mpima ardhi aliyesajiliwa. Njia iliyo bora, nayo ni bora kwa mbali, ni majirani wawili kumwajiri mpima mmoja kwa pamoja, kugawana gharama, na kukubaliana kwa maandishi kabla hajaanza kwamba wataipokea ripoti yake. Mpima aliyelipwa na upande mmoja anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini ripoti yake itapokewa na upande wa pili kama silaha, naye atakwenda kutafuta wa kwake. Nchini Ufaransa, kifungu cha 646 cha Sheria ya Madai kinampa kila mmiliki haki ya kumtaka jirani wakubali mpaka uwekwe alama, kwa gharama ya pamoja. Hata mahali ambapo sheria hailazimishi hivyo, pendekezo hilo ni la haki na ni gumu kulikataa bila kuonekana una la kuficha. Siku ya upimaji pande zote mbili ziwepo, zione bikoni zilizopatikana na zilizokosekana, na kila mmoja apate nakala ya mchoro.

Kama ujenzi unaendelea, usisubiri

Mpangilio uliotajwa unabadilika pale ambapo jirani tayari anachimba msingi. Hapo unapaswa kumwendea siku hiyohiyo, kumweleza wasiwasi wako na kumwomba asimamishe kazi upande huo tu mpaka bikoni zionekane, kisha umwachie barua fupi yenye tarehe na ubaki na nakala iliyosainiwa, au ujumbe wa simu unaoonyesha kwamba ameupokea. Piga picha za msingi zikiwa na kitu cha kupimia ndani ya picha. Akiendelea, wakili anaweza kuiomba mahakama zuio la muda. Mahakama humtazama kwa jicho tofauti mtu aliyelalamika msingi ulipochimbwa na yule aliyekaa kimya mpaka ukuta ukapakwa rangi. Baadhi ya mahakama, zikiona ukuta umemega kipande kidogo na kuubomoa kungekuwa hasara kubwa kupita kiasi, huweza kuamuru fidia badala ya ubomoaji, hasa pale mjenzi alipokosea kwa nia njema.

Zungumza na jirani

Nenda mwenyewe, mchana, ukiwa na nakala ya ramani na bila umati wa ndugu. Binafsi sioni faida ya barua ya wakili kuwa ndiyo salamu ya kwanza, kwani anayeipokea humtafuta wakili wake kabla hajatazama hata nyaraka zake. Eleza ulichokiona na ulichokisoma, si unachomshuku. Badala ya kusema, "Umeingia kwangu," sema, "Ramani inaonyesha mita 20 upande huu, na kutoka bikoni hii mpaka kwenye ukuta ni mita 19 na nusu, naomba tuangalie pamoja kabla hatujafikiria lolote." Muulize pia uzio ulipatikanaje, kwa maana huenda aliukuta hivyo aliponunua, na aliyekosea ni mtu aliyekwisha kuhama.

Ikithibitika kwamba uzio hauko juu ya mpaka, kuuhamisha ni suluhisho mojawapo tu. Unaweza kubaki ulipo, kwa maandishi yanayosema kwamba si mpaka. Kipande kilichomegwa kinaweza kuuzwa au kubadilishwa na kingine, ingawa hilo linahitaji upimaji mpya na usajili, na mara nyingi idhini ya mamlaka ya ardhi. Mnaweza pia kukubaliana kwamba uzio utahamishwa utakapochakaa na kujengwa upya. Makubaliano ya aina hii ya mwisho hudharauliwa, nami naona ndiyo yanayofaa zaidi pale ambapo kipande ni chembamba na hakuna anayekihitaji leo.

Kuhusu gharama za uzio wa pamoja, California ina utaratibu unaofaa kuigwa hata pasipo na sheria ya namna hiyo: majirani wanaopakana huchukuliwa kuwa wananufaika sawa na uzio wa mpakani, na anayetaka kujenga au kutengeneza anapaswa kumpa mwenzake taarifa ya maandishi siku 30 kabla, akitaja tatizo, suluhisho, makadirio ya gharama na mgawanyo anaoupendekeza. Uingereza na Wales, Sheria ya Kuta za Pamoja ya 1996 inadai taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kujenga ukuta mpya kwenye mstari wa mpaka, na ya miezi miwili kwa kazi kwenye ukuta wa pamoja uliopo.

Yaandikeni mliyokubaliana

Makubaliano ya mdomo huishi muda ule ambao majirani wenyewe wanakaa hapo na wanapatana. Hati haihitaji lugha ngumu. Inahitaji namba za viwanja, mchoro, umbali, na kauli inayoeleza kile ambacho makubaliano hayamaanishi. Kwa uzio unaobaki mahali pasipo pake, maneno kama haya yanatosha kuwa msingi wa kumpelekea mwanasheria ayapitie:

"Sisi, wamiliki wa viwanja vilivyotajwa hapo juu, tunakubali kwamba uzio wa waya uliopo kati yetu haukujengwa juu ya mpaka, bali uko ndani ya kiwanja cha upande wa kwanza kwa sentimita 60 kutoka kwenye mstari unaounganisha bikoni mbili zilizoonyeshwa katika mchoro ulioambatishwa. Uzio utabaki ulipo kwa ruhusa ya upande wa kwanza. Kubaki kwake hakuhamishi mpaka wala umiliki wa ardhi iliyo kati ya uzio na mstari huo. Utakapojengwa upya, utajengwa juu ya mstari, na gharama zitagawanywa sawa."

Neno lenye uzito hapo ni "ruhusa". Katika nchi nyingi, mtu anayekalia ardhi ya mwingine waziwazi, kama mwenye mali na bila ruhusa, anaweza baada ya muda kujipatia umiliki, au angalau mwenye ardhi akapoteza haki ya kumshtaki. Kenya na Tanzania sheria za ukomo wa madai zinaweka miaka 12 kwa madai ya kurudishiwa ardhi. Uingereza na Wales, kwa ardhi iliyosajiliwa, mkaaji anaweza kuomba baada ya miaka 10, lakini mmiliki hutaarifiwa na kwa kawaida anaweza kupinga. Ruhusa iliyoandikwa huvunja hoja hiyo, kwa sababu anayekaa kwa idhini hakai dhidi ya mwenye ardhi. Kumwandikia jirani ruhusa, kwa hiyo, ni ukarimu unaokulinda wewe mwenyewe.

Ikiwa bado mnajadiliana na hamjaafikiana, andika juu ya barua ya mapendekezo kwamba imetolewa bila kuathiri haki za upande wowote, ili pendekezo lako la kupunguza madai lisije likasomwa baadaye kama kukiri kosa.

Haki ya kupita na haki ya kuingia

Migogoro ya kupita ina mantiki yake, na hapa watu hukosea kwa kudhani kwamba mwenye ardhi anaweza kufunga chochote kilicho ndani ya mpaka wake. Ardhi inaweza kuwa ya kwako kwa hati na bado ikawa imebeba haki ya mtu mwingine.

Haki iliyo imara zaidi ni ile iliyosajiliwa kwenye hati, yenye upana na mahali palipoonyeshwa. Aliyenunua ardhi yenye njia ya namna hiyo ameinunua pamoja na njia, na lango lenye kufuli analoweka hapo bila kutoa ufunguo ni uvunjaji wa haki. Ya pili hutokana na ulazima: kiwanja kilichozungukwa pande zote bila njia ya kufika barabarani. Nchini Ufaransa, kifungu cha 682 cha Sheria ya Madai kinampa mwenye ardhi iliyofungiwa haki ya kudai njia kupitia kwa majirani kwa kulipa fidia inayolingana na usumbufu, na kifungu kinachofuata kinataka njia ichukuliwe upande ulio mfupi kufika barabarani, lakini mahali panapomdhuru kidogo zaidi anayepitiwa. Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inamruhusu mwenye ardhi ya namna hiyo kuiomba mahakama amri ya kupita. Ya tatu hutokana na matumizi ya muda mrefu. Kenya na Uingereza, kupita kwa miaka 20 kwa uwazi, bila nguvu na bila kuomba ruhusa, kunaweza kuzaa haki ya kudumu. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ruhusa tu, ambayo aliyeitoa kwa kawaida anaweza kuiondoa kwa kutoa taarifa ya kutosha.

Kwa hiyo, unayetaka kufunga njia chunguza kwanza ni ipi kati ya hizo unayoifunga, nawe unayepita chunguza unapita kwa msingi gani. Kama ni kwa hisani, omba iandikwe kabla nyumba ya jirani haijauzwa.

Kuingia kwa muda ili kufanya matengenezo ni jambo jingine tena. Uingereza na Wales, sheria ya 1992 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru jirani aruhusu kuingia kwa kazi za lazima za kutunza mali, pale ambapo kazi hizo haziwezi kufanyika kwa urahisi bila kuingia kwake. Mahakama huangalia mambo ambayo wewe pia unapaswa kuyataja unapoomba kwa hiari: kazi gani, kuanzia tarehe ipi mpaka ipi, saa ngapi hadi saa ngapi, watu wangapi, jukwaa la mafundi litasimama wapi, na nani atalipia maua au sakafu itakayoharibika. Ombi lenye maelezo hayo hukubaliwa kirahisi zaidi kuliko "nataka mafundi wangu wapite kwako", na picha za eneo kabla na baada ya kazi huondoa ubishi juu ya ufa uliokuwepo tangu zamani.

Matawi, mizizi na maji

Usishike panga kabla ya kuuliza sheria, maana hapa nchi hupishana kabisa. Uingereza unaweza kukata matawi yaliyovuka mpaka, lakini yaliyokatwa bado ni mali ya mwenye mti. Ufaransa matawi unapaswa kumdai jirani ayakate, ilhali mizizi unaweza kuikata mwenyewe mpaka kwenye mstari. Na popote ulipo, ukiukata mti kiasi cha kuuua, unaweza kudaiwa. Kwa maji, kanuni ya busara ni kwamba ukuta mpya usizuie mkondo uliokuwepo wala bomba la paa lisimwage upande wa pili. Acha matundu chini ya ukuta tangu siku ya kujenga, kwani kuyatoboa baadaye ni kazi ngumu na huacha ukuta dhaifu.

Mazungumzo yakishindikana

Tafuteni msuluhishi ambaye pande zote zinamkubali. Yeye haamui, anawasaidia mfike mwafaka, na mkifika, mnauandika na kuusaini. Nchi nyingine zimeiweka hatua hii kisheria. Tanzania Bara, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Baraza la Kata katika masuala ya ardhi linasuluhisha tu na halitoi hukumu, na shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya usuluhishi ukishashindikana. Kenya, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inazuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa mpaka Msajili awe ameubainisha mpaka huo. Anayekimbilia mahakamani moja kwa moja hujikuta amelipa ada za kesi na kurudishwa alikopaswa kuanzia.

Ukifika mahakamani, uwe na ripoti ya mpima, nakala za barua zenye tarehe, picha, na orodha ya matukio kwa mfuatano. Omba unachokihitaji hasa: tamko la mpaka ulipo, amri ya kuondoa kilichovuka, njia ifunguliwe, au fidia. Madai ya kila kitu huongeza gharama, na aliyeshindwa mara nyingi huamriwa kulipa za mwenzake pia. Wakati kesi ikiendelea usibomoe, usizibe njia, wala usihamishe nguzo hata moja usiku, kwa kuwa kitendo kimoja cha kujichukulia sheria mkononi humfanya mlalamikaji kuwa mshtakiwa.

Baada ya mwafaka au hukumu

Bikoni zilizopotea zirudishwe na mpima, zionekane juu ya ardhi. Mchoro mpya na makubaliano yapelekwe masjala ya ardhi kusajiliwa pale sheria inaporuhusu, kwa sababu mkataba wa watu wawili kwa kawaida haumfungi atakayenunua bila kuujua. Nakala moja ikae pamoja na hati miliki, nayo itajwe kwa mnunuzi siku ya kuuza, pamoja na historia ya mgogoro wenyewe. Mnunuzi aliyefichwa anaweza kukugeuzia kesi wewe badala ya jirani.